Sanduku la Mashaka: Nasaha kwa Wanaohama Toleo

Tangu tarehe 9 Agosti 2025, siku ambayo jamaa wa Debian walilitoa toleo la 13 la mfumo endeshi wao, ambao huugawa bure kwa kila mwenye haja pamoja na siri zote za utengenezaji wake, sanduku la safu hii, ambalo desturi yake ni kupokea mashaka ya mahari, mirathi na mawifi, limefurika barua za watu waliohama, wanaotaka kuhama na walionasa njiani. Mshauri wenu, ambaye hajapata kumrudisha mtu mlangoni kwa sababu tu dhiki yake ina nyaya, amezichagua barua nne zenye ibra kwa umma, akazijibu kwa kadiri ya ilimu aliyojaliwa, na kwa taadhima anayostahiki kila mwenye msiba, hata yule aliyejitakia.

*Shikamoo Mzee. Kompyuta yangu ina Debian 10. Nasikia 13 ni moto wa kuotea mbali. Leo usiku nataka niandike jina la 13 kwenye orodha ya vyanzo, nibonyeze, nilale, niamke mtu mpya. Nipe baraka zako.*
*— Mwenye Pupa, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Baraka ninazo, walakini si za safari hiyo. Walioufanya mfumo huu wameandika bayana, tena wamekariri kila toleo, kwamba njia wanayoikubali ni ya kutoka toleo moja kwenda lile linalolifuata, na kwamba mwenye kuruka, akivunjika, amevunjika kwa hiari yake. Kila toleo lina jina lake la utani, nawe uko kwa Buster, yaani toleo la 10 la mwaka 2019. Sharti upite kwa Bullseye, la 11 la mwaka 2021, kisha kwa Bookworm, la 12 la mwaka 2023, ndipo ufike kwa Trixie, ndilo la 13, kama mkwezi atiavyo mguu katika kila kipandio cha mnazi, maana aliyevichonga vipandio alipima hatua ya binadamu na wala hakuipima tamaa yake.

Wala usidhani sharti hili ni inda ya wazee. Kila toleo huja na maagizo ya kuyageuza mambo ya toleo lililolitangulia, ya kwamba programu fulani sasa imegawanyika mbili, na nyingine imebadili jina, na ya tatu imehamisha faili zake. Maagizo hayo, yakiisha kufanya kazi yake, huondolewa katika matoleo ya baadaye, hata mtu aliyeruka ngazi mbili akifika juu hamkuti tena mwenye kumweleza kilichotendeka alipokuwa hayupo. Tena kila kituo kina mtego wake. Ukifika toleo la 11 utakuta anwani ya masahihisho ya usalama imegeuka, kwani palipokuwa pakiandikwa `buster/updates` sasa huandikwa `bullseye-security`, na mwenye kubadili jina la toleo tu akadhani amemaliza hubaki bila ulinzi. Ukifika la 12 utakuta programu zinazoviendesha vifaa kama kadi ya mtandao, zile zisizo huria, zimetengewa fungu lao liitwalo `non-free-firmware`, na usipolitaja fungu hilo katika orodha yako, kadi yako haitapata tena marekebisho.

Kabla ya yote hayo, toa nakala ya faili zako, na nakala ya saraka ya `/etc` yenye mipangilio yako yote, na orodha ya programu ulizo nazo, ukaziweke katika diski nyingine iliyo mbali na mikono yako. Akiba haiozi. Na habari ya kulala, iondoe kabisa katika mpango wako, kwa kuwa mfumo utasita katikati ya kazi ukuulize neno, na usipopata jawabu utakungoja mpaka alfajiri, ukiwa nusu wa zamani na nusu wa leo.

*Babu Mshauri, naandika kwa uchungu. Mume wangu ni fundi wa kompyuta. Katika daftari lake nimekuta ameandika: "Ijumaa usiku, kutoka kwa Bookworm, kuhamia kwa Trixie." Kurasa za nyuma yumo Jessie, yumo na Lenny. Usiku wenyewe nikamsikia ananong'ona peke yake: "Nibaki na ya zamani, au nichukue mpya?" Na watoto watatu tunao!*
*— Niliyedhulumiwa, Zanzibar*

Binti yangu, futa machozi, kisha unisikilize hadi mwisho kabla hujawaita wazee. Huyo Trixie ni dinosaria wa plastiki, rangi yake buluu na pembe zake tatu, naye alionekana kwanza katika filamu ya Toy Story 3 ya mwaka 2010. Bookworm, wa filamu hiyohiyo, ni mnyoo mwenye miwani. Na Lenny ni darubini yenye miguu. Jessie, sikufichi, ni mwanamke, lakini ni mwanasesere wa mchunga ng'ombe, na tangu mwaka 2017 alikwisha kurithiwa na Stretch, ambaye ni pweza. Ada ya kuyapa matoleo majina ya vitu vya kuchezea vya filamu za Toy Story ilianza pale uongozi wa Debian ulipokuwa mikononi mwa Bruce Perens, ambaye wakati huo riziki yake ilikuwa Pixar, kampuni iliyozitengeneza.

Ama maneno uliyoyasikia usiku, hayo ni ya kweli, ila hayakukuhusu. Programu inapoletwa katika sura mpya, na mwenye kompyuta alikwisha kuihariri faili ya mipangilio yake kwa mkono wake, mfumo haumvunjii heshima kwa kuifuta kazi yake kimyakimya. Humwuliza abaki na faili yake ya zamani au apokee mpya ya mtengenezaji, na fundi mwenye adabu, kabla hajajibu, huomba aonyeshwe tofauti ya hizo mbili mstari kwa mstari. Akibonyeza tu pasipo kuchagua, jawabu huwa ni kubaki na ya zamani. Utaona basi kwamba mashine, iachwapo na tabia yake, hushikamana na iliyoizoea, na sijui ni waume wangapi wa mtaa wenu wanaoweza kusifiwa hivyo.

Lakini mumeo hatatoka katika kesi hii bila faini. Kijana aliyeuanzisha mradi huu mwezi Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue kule Marekani, alipotafuta jina la kuupa alilichukua la mchumba wake Debra akaliunga na lake mwenyewe, tena akalitanguliza la mchumba, na jina hilo ndilo Debian. Mwandalie mumeo chai, mweleze kisa hiki kwa sauti ya upole, kisha umwulize katika mitambo yote anayoilea usiku ni upi alioupa jina lako.

*Bwana Mshauri, kompyuta yangu ya mezani nimekaa nayo tangu 2004 na haijaniudhi hata siku moja. Kijana wangu anasema toleo la 13 halimtaki mzee mwenzangu huyu. Amekosa nini?*
*— Karani Mstaafu, Tanga*

Hakukosa neno, Bwana Karani. Amezeeka tu, na kuzeeka si jinai. Kompyuta yako, kama ni ya kizazi kile cha biti 32 ambacho mafundi hukiita i386, haikutengenezewa tena kiini wala kisakinishi katika toleo la 13, na waraka wa toleo hilo unawaambia wenye mashine za namna hiyo wasipande. Programu za biti 32 zimebakizwa, lakini muradi wake ni kuwafaa wenye mashine mpya ambao bado wanazo kazi za kale.

Walakini usimzike aliye hai. Zipo kompyuta za umri wa hiyo yako ambazo moyo wake ni wa biti 64, ila aliyezisakinisha, kwa mazoea au kwa hadhari, aliziwekea mfumo wa biti 32. Mwombe kijana wako afungue faili ya `/proc/cpuinfo`, na akiziona herufi `lm` katika safu ya sifa za kichakataji, basi unaweza kutoa nakala ya mali yako na kusakinisha upya mfumo wa biti 64. Asipoziona, kaa na toleo la 12 ungali ukitunzwa, huku ukijiandaa kuagana nayo kwa heshima.

Hapa pana jambo la ziada ambalo litampendeza mtu wa hesabu kama wewe. Mifumo yote ya nasaba ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, na chombo cha biti 32 kinachoihifadhi hesabu hiyo hujaa kikifika 2,147,483,647, idadi itakayotimia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 asubuhi na dakika 14 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haikurekebishwa itakuwa imeamini kwamba iko Desemba 1901, siku chache kabla reli itokayo Mombasa haijafika Kisumu. Toleo la 13 limeipanua hesabu hiyo kuwa ya biti 64 katika aina zote za mashine linazozitumikia isipokuwa i386, ambayo imeachwa na hesabu yake ili zile programu kongwe zisivunjike. Kwa hiyo, Bwana, ukiiweka kompyuta hiyo mpaka siku hiyo, utakuwa mstaafu ambaye hajazaliwa, na sidhani kama ofisi ya pensheni itaharakisha kuisahihisha kasoro yenye faida kwake.

*Mzee nimekwisha!! Tasnifu yangu nilikuwa naiweka kwenye /tmp kwa sababu ni jina fupi kuandika. Laptopu sikuwa naizima, naifunika tu. Nimepandisha toleo la 13, nikaiwasha upya, /tmp tupu! Msimamizi anaitaka Jumatatu.*
*— Mwanafunzi Mahututi, Dodoma*

Kaa chini, mwanangu, na usiguse kitu mpaka umesoma aya hii. Hadi toleo la 12, saraka ya `/tmp` ilikuwa ndani ya diski. Kuanzia la 13, kwa kawaida yake mpya, imehamishiwa katika kumbukumbu ya muda ya mashine, nayo huweza kuchukua hadi nusu ya kumbukumbu hiyo, na kila kilichomo hutoweka umeme ukizimwa. Ulipowasha upya, saraka mpya iliyo tupu ilitandazwa juu ya ile ya zamani, nayo ya zamani ikafunikwa pamoja na tasnifu yako, pasipo kufutwa. Kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, andika `mount --bind / /mnt`, kisha uchungulie katika `/mnt/tmp`. Utaikuta imelala pale ulipoiacha, nawe uinakili upesi katika saraka yako ya nyumbani kabla hujasujudu sijida ya shukrani.

Ukiisha kushukuru, pokea na karipio. Saraka hiyo tangu asili ni ya vitu vya kupita, na hata katika matoleo ya nyuma ilikuwa ikifagiliwa kila mashine iwashwapo. Iliyokuokoa miezi yote hiyo ni ajizi yako ya kutozima laptopu. Mtu aliyeokolewa na uvivu wake asiufanye kuwa mwalimu.

Majibu mafupi

*Bando Lakatika, Kisumu:* Pakua kwanza, sakinisha baadaye. Ukiisha kuhariri orodha ya vyanzo na kuisasisha, amri ya `apt full-upgrade --download-only` itakusanya vifurushi vyote wakati wa bando la usiku la bei nafuu, nawe utavisakinisha kwa utulivu mchana. Tazama kwanza kama diski ina nafasi, kwa maana mizigo hiyo haiwekwi hewani.

*Umeme Ulikwenda, Kigoma:* Pole sana. Andika `dpkg --configure -a`, uuache mfumo umalize sentensi iliyokatwa, kisha `apt --fix-broken install`. Safari nyingine, fanya kazi hii kwa laptopu yenye betri iliyojaa, na usimwamini mtu anayekuambia kwamba leo hawakati.

*Kijana wa Kisasa, Nairobi:* Huyo Sid unayemtaka, ambamo programu mpya huingia kila siku, amepewa jina la mtoto wa jirani aliyekuwa akivunja vitu vya kuchezea katika Toy Story, na ni tawi ambalo jina lake halibadiliki wala halitangazwi kuwa thabiti. Katika kompyuta ya majaribio, mkaribishe. Katika kompyuta inayokulipia kodi ya nyumba, msalimie ukiwa barabarani.

*Mfuasi wa Ubuntu, Muscat:* Hukusahauliwa. Ubuntu, ambao ni mtoto wa Debian, huyatoa matoleo yake ya msaada mrefu mwezi wa Aprili kila baada ya miaka miwili, lakini waliomo katika toleo la msaada mrefu lililotangulia hawaitwi kupanda mpaka litoke rekebisho la kwanza. Ndiyo maana wewe wa 22.04 ulianza kuitwa baada ya 24.04.1 kutoka mwishoni mwa Agosti 2024. Waliotangulia mbele yako wamekuondolea miiba, na inafaa uwaombee.

Masharti ya barua zijazo

Kuanzia sasa kila mwenye kuleta shaka la aina hii ataje toleo analotoka, toleo aendalo, mahali ilipo nakala yake ya akiba, na siku aliyousoma waraka wa toleo, hususa sura ya 4 ielezayo namna ya kupanda, na sura ya 5 inayoziorodhesha kasoro zinazojulikana. Habari ya kuruka matoleo, ya maswali ya usiku, ya i386 na ya `/tmp`, yote imo humo, imeandikwa kwa subira na watu wa kujitolea ambao hawakulipwa na yeyote kati yenu. Atakayeandika kabla ya kupanda atajibiwa kwanza. Na atakayeandika kwamba aliusoma baada ya kupanda, naye atajibiwa baadaye.