Sifa za King'ora cha Moshi

Usukumani hakuna kitu kilicho duni kiasi cha kukosa manju wa kukiimba. Jembe limeimbwa, ng'ombe ameimbwa, na chatu haimbwi tu, anachezwa uwanjani akiwa shingoni mwa mtu mzima mwenye familia, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindania watazamaji. Basi nami, mtoto wa Zagayu, Itilima, niliyetupwa na riziki hadi Leicester, Uingereza, naomba uwanja nikiimbe changu: king'ora cha moshi, kisahani cheupe kilichobandikwa darini mwa nyumba niliyopanga, chenye ukubwa wa kisosi na sauti ya mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja.

Nianze na nasaba, maana asifiwaye hutajiwa kwanza babu zake. Vingi vya ukoo huu vina chembe ya amerisiamu, kitu ambacho Glenn Seaborg na wenzake walikipata Marekani mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto na mambo yote yakiwa siri. Seaborg aliitoboa siri hiyo Novemba 1945 kwenye kipindi cha redio cha watoto, kwa sababu mtoto mmoja alimuuliza kama kuna kipya. Chembe hiyo huifanya hewa iliyo ndani ya kisahani ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme hupungua, na mzee huanza kupiga kelele. Itapita miaka zaidi ya 400 kabla nusu ya chembe hiyo haijaisha. Onyesheni ukoo wa kitemi wenye pumzi hiyo.

Sasa ukarimu. Siku niliyokabidhiwa funguo, bomba la maji moto lilikohoa likanyamaza, hita iligoma, na taa ya sebuleni ikawaka mara moja kama inayonikonyeza. King'ora peke yake ndicho kilikuwa kazini. Tangu Oktoba 1, 2015, sheria ya England inamtaka mwenye nyumba wa kupangisha aweke king'ora katika kila ghorofa inayokaliwa, na ahakikishe kinafanya kazi siku mpangaji anapoingia. Wakala akachukua mpini wa ufagio, akakidunga kitufe, nacho kikaitikia kwa moyo wote. Hiyo ndiyo "karibu" yangu ya kwanza, na kwa wiki tatu haikupata mwenzake. Majirani nilipishana nao kwenye lifti; nikiwasalimu, walizitazama namba za ghorofa kana kwamba jibu lingetokea pale. Mtu aliyelelewa na salamu ya "mwangaluka" inayopitia watoto, ng'ombe, mvua na pamba kabla hamjaachana, huanza kujipapasa ahakikishe kwamba bado yupo.

Nakiri kina kasoro moja: hakijui moshi ni nini. Jikoni kwa mama, moshi ni mtu wa nyumbani. Unapanda kutoka kwenye mafiga, unaziramba mbegu za mahindi zilizoning'inizwa juu ili wadudu wasizikaribie, kisha unatoka kwenye nyasi za paa taratibu, bila kumkera mtu. Jioni kijiji huhesabiwa kwa moshi wake. Mji usiofuka saa ya kupika, jirani huvuka uwanja kuuliza: mnaumwa, au mmeishiwa unga? Kwetu moshi ukikosekana ndipo watu hushtuka. Hapa ukionekana tu, nyumba nzima hushtuka.

Niliupata ukweli huo Jumamosi moja niliyoamua kupika chakula cha kumrudisha mtu kwao. Dagaa nilikuwa nimewapata kwenye duka la Waafrika. Nikawatoa vichwa mmoja mmoja, nikawaosha kwa maji ya moto, nikawakausha, kisha nikawatia kwenye mafuta yaliyokuwa yamenisubiri kupita kiasi. Dirisha nilikuwa nimelifunga kwa baridi. Wingu la buluu likapanda, likajikusanya darini, likabisha hodi kwenye kile kisahani.

Jamani, kikalia! Nikapepea kwa taulo, nikapanda kiti, nikabonyeza kila palipobonyezeka. Kikaongeza. Nilipofungua mlango ili moshi utoke, nikawakuta majirani wote ukumbini: kijana mmoja niliyepishana naye kwenye lifti akiwa na soksi moja, mama mwenye mtoto mgongoni, na mzee mmoja ameshika mwiko kama rungu.

Hapo nikakielewa. Kwetu mtu akivamiwa, hupiga mwano, na yowe hilo hurukia mji hadi mji. Sungusungu, walinzi wetu wa vijijini, walipoanza miaka ya 1980, waliushikilia kama amri: mwano ukilia, mwanamume hutoka na chochote kilicho mkononi, na asiyetoka atalipa faini. Kumbe kisahani changu ni Msukuma. Kwa wiki tatu kilinitazama nikila peke yangu, kikaona sasa inatosha, kikanipigia mwano.

Kutoka mlango wa mwisho akaja bibi mmoja wa Kihindi, shali begani, akinusa hewa.

"Kijana, nini naungua?"

Kwa Kiswahili! Nikajibu, "Dagaa, Mama."

"Dagaa?" Akanusa tena, uso ukafunguka. "Ah, mukene! Jinja yote nanuka hivyo."

Yeye hali samaki tangu azaliwe, lakini harufu ile aliijua, na Kiswahili alikitoa kwenye duka la vitambaa la baba yake, huko Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Septemba, halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwasihi wasije huku kwa sababu mji umejaa. "Sisi nasoma," akaniambia, "halafu nakuja." Akacheka mpaka shali ikaanguka. Kijana wa soksi moja akaiokota, naye akabaki kusikiliza lugha asiyoijua.

Wapo watakaosema kinakera, hasa betri inapochoka kikaanza kulia "pii" moja moja saa tisa za usiku, mfano wa nyenje aliyejificha usijue yuko wapi. Ni kweli. Lakini mgonjwa wa kwetu naye huguna usiku ili wenye afya wasijisahau. Betri mpya niliazima kwa yule bibi, saa tisa na nusu, na chai nikapewa.

Baada ya hapo nikawa mstaarabu. Nikafungua madirisha, nikapunguza moto, nikapika wiki mbili mfululizo bila kelele. Ukumbi nao ukarudia ukimya wake, na kwenye lifti watu wamerudi kuzisoma namba.

Jumamosi hii nitakaanga dagaa. Dirisha nitalifunga.