Tugawieni Kabati Tuhamie

Kwa Wenyeviti na Makamishna wa tume zote za kikatiba zinazotulinda,

KUH: MAKAZI YA KUDUMU MASIJALANI

Waheshimiwa,

Kila jopokazi linapoundwa kwa ajili yetu, sisi ndio tunaojaza karatasi: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Laiti orodha ya mahudhurio ingekuwa hatimiliki, Waogiek tungekuwa mabwanyenye wa Msitu wa Mau.

Mmetuuliza tena tunahitaji nini. Kwanza, mtusomee upya Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010, pale inapotaja ardhi za mababu za jamii za wawindaji na wakusanyaji. Msomaji awe na sauti nzuri. Pili, maji ya chupa ya warsha ijayo yawe baridi. Tatu, mtuhamishie masijalani.

Hili la tatu tumelifikiria sana. Msituni nyumba huchomwa, faili haichomwi. Faili ina nambari, ina karani, ina askari wa kulinda lango usiku kucha, na mvua haiigusi. Tume ya Carter ya miaka ya 1930 ilipendekeza mababu zetu, iliowaita Wandorobo, wachanganywe na makabila jirani. Wao wakasukumwa, faili yao ikabaki imetulia. Haikupewa notisi ya siku 30 kama ile tuliyopewa sisi Oktoba 2009.

Basi kila ukoo upewe droo yake. Wazee wakae rafu ya chini, maana magoti yao hayapandi ngazi. Waliooana juzi wapewe droo ya jopokazi lililoundwa kwa ajili yetu 2017. Ripoti yake hatujaiona, kwa hiyo huenda mna nafasi. Mizinga tutaitundika juu ya kabati la dirishani, nyuki wapate pa kutokea, na asali ya kwanza itakuwa ya chai yenu. Watoto watajifunza kusoma kwa kumbukumbu za vikao: “Ilikubaliwa kwamba suala hili lifuatiliwe.” Wajukuu watazaliwa na nambari ya kumbukumbu tayari. Mzee akifariki, hatutawasumbua kwa kaburi. Mpigeni muhuri wa “Imefungwa.”

Majirani zetu Waendorois wa Ziwa Bogoria, ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa haki mwaka 2010, nao wawekewe rafu. Wamezoea kusubiri kuliko sisi.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema serikali ilivunja haki zetu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru tulipwe fidia ya shilingi milioni 157.85 na tupewe hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023, mvua ikinyesha, nyumba zetu za Sasimwani zikabomolewa na kuchomwa. Mlikuwa wapi? Hatusemi ninyi ndio mliowasha kiberiti. Ninyi mlikuja baadaye na kalamu, mkauliza moto ulianza saa ngapi. Mama aliyelaza watoto kwenye matope akaambiwa atie sahihi hapa, na hapa, na namba ya simu asisahau. Simu yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba.

Mniwie radhi, Waheshimiwa. Nimetoka nje ya ajenda.

Tunatambua kwamba makabati huenda yamejaa; shida zetu ni nyingi na mbao ni ghali, hasa siku hizi ambapo kukata mti ni kosa ukiwa Mwogiek. Yakikosekana, tutaridhika na kile kilichoamriwa Arusha: ardhi yetu itambuliwe sisi wenyewe tukiwepo, iwekewe mipaka, na hatimiliki iandikwe kwa jina la jamii. Hilo halihitaji warsha wala jopokazi jingine. Ushahidi ulishasikilizwa, hukumu ilishatolewa. Isukumeni serikali itii, na mkishindwa, semeni hadharani kwamba mmeshindwa, ili tuache kuwaandikia.

Wenu katika kusubiri,
Mwogiek wa Mau