Jones Yupi, Shangazi?



Salamu zako za sauti nimezipata, pamoja na jogoo wa jirani aliyekuwa akikukatiza. Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo haijatuzoea. Kuhusu agizo lako, kwamba maadamu naishi Wales nimtafute Mista Jones aliyemfundisha marehemu Baba hesabu hapo Tanga, na kama yu hai nimfikishie salamu za ukoo: nimelipokea na kazi nimeianza. Tatizo ni kwamba nilimpata siku ile ile. Kesho yake nikampata tena. Kufika Ijumaa nilikuwa na akina Jones wa kujaza basi la Pangani, na kila mmoja amezipokea salamu zako kwa furaha kubwa.

Nchi hii ukiwapanga foleni watu 100, watano au sita ni Jones. Mwaka 2006 walikusanywa Cardiff ili wavunje rekodi ya dunia, wakajaa ukumbini 1,224, wakawapiku akina Norberg wa Sweden waliokuwa 583. Mimi nawaza tu mwenye kuita mahudhurio. "Jones!" "Nipo!" Paa linaondoka.

Kazi yangu unaijua, nasambaza vifurushi kwa gari. Eneo nililopangiwa ni vijiji vya kuzunguka mji uitwao Bala (usishtuke, ni jina tu, na pana ziwa zuri). Mashambani huku nyumba nyingi hazina namba, zina majina, na msimbo mmoja wa posta unaweza kubeba mashamba kadhaa yaliyotengwa na kilima. Juzi nina boksi limeandikwa Mrs E. Jones, Tŷ Newydd, yaani nyumba mpya. Hiyo nyumba mpya kuta zake ni za mawe, unene wake kama wa kuta za magofu ya Tongoni. Geti limefungwa kwa kamba ya buluu ya kufungia majani ya ng'ombe, mafundo matatu, na chini ya trekta kuna mbwa ananitazama kama ananidai. Akatoka bibi mmoja na mabuti ya mpira, akavaa miwani iliyokuwa inaning'inia kifuani, akasoma lebo mbele na nyuma.

"Viatu, namba saba," akasema. "Mimi navaa tano. Hivi ni vya Eirlys Mkate, Tŷ Newydd ile ya ng'ambo ya mto."

Nikaenda ng'ambo ya mto. Eirlys Mkate hajawahi kuoka mkate wa kuuza maisha yake yote. Ni mwalimu mstaafu. Aliyekuwa na tanuri ni babu yake, na jina likashuka kwa wajukuu. Nyuma ya kanisa yuko Jones Maziwa, huyu ni daktari wa meno, na maziwa yenyewe aliyauza baba yake. Yupo Jones Posta na posta ilishafungwa. Kijiji kizima kinajua nani ni nani, ila hakuna hata jina moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye boksi langu.

Hapo nikajiona niko kwetu Ngamiani, Tanga. Nani kwetu anapatikana kwa jina la kitambulisho? Mgeni akiingia Barabara ya 8 akamuulizia Ali Mohamed, ataletewa wanne achague. Akimuulizia Ali Spana, mtoto anamshika mkono mpaka mlangoni, ingawa Ali Spana gereji aliiacha zamani na sasa anauza nazi.

Na usidhani jina hili la Jones walilipenda. Hawa Wawelshi zamani walikuwa na bin yao, wanaiita ap. Mtu alikuwa Dafydd ap Gruffudd ap Ieuan, kama vile Hamisi bin Juma bin Bakari, anatembea na ukoo wake mdomoni. Wakaja makarani. Kwa sheria za mfalme Henry wa Nane, za mwaka 1536 na 1543, Wales iliunganishwa na Uingereza, mahakama zikaendeshwa kwa Kiingereza, na karani hakuwa na subira wala nafasi daftarini kwa ajili ya babu wa nne. Baba yako nani? John. Basi wewe Jones. Na wewe? John. Jones. Foleni nzima baba zao ni John, kwa sababu majina ya ubatizo yaliyokuwa yakipendwa yalikuwa ya kuhesabika. Wenye mali ndio walioanza kubadili. Wanyonge wa milimani wengine walishikilia ap yao mpaka karne ya 19, kisha nao wakabanwa. Kinachonichekesha ni kwamba alfabeti ya jadi ya Kiwelshi haina J. Watu wakabandikwa jina wasiloweza hata kulianza kwa herufi zao wenyewe.

Habari hii ya ap ilinisaidia shuleni kwa mwanangu Idrisa. Walikuwa wananihoji: baba Hamisi Juma, mtoto Idrisa Hamisi, mama jina lake jingine kabisa, je, hii ni familia moja? Nikaeleza mpaka koo likakauka. Aliyenitetea ni bibi mmoja anayevusha watoto barabara, aliyekuwa ameingia kuota moto: "Mwacheni, anafanya walivyofanya wazee wetu." Jina la Idrisa lenyewe halijawahi kumpa mtu taabu. Karibu na hapa kuna mlima wa mita 893 unaoitwa Cadair Idris, kiti cha Idris, jitu la hadithi zao za kale. Kijiji kinaamini tumempa mtoto jina la mlima. Wewe unajua ni la babu yake wa Pangani, lakini nimenyamaza, maana wanampa biskuti kwa ajili hiyo.

Jeshini hawakuhangaika na mikate wala maziwa. Katika vikosi vya Wales, Jones huitwa pamoja na tarakimu za mwisho za namba yake. Januari 1879, Rorke's Drift, huko Natal, walipopambana na Wazulu (walikwenda kutafuta nini huko, usiniulize), miongoni mwa waliolinda hospitali walikuwemo askari namba 593, William Jones, na namba 716, Robert Jones. Wote wawili wakatunukiwa Victoria Cross. Pole yake aliyeandika bahasha.

Kwa upande wa hesabu nina fununu moja. Alama ya pai, ile iliyotuchapisha viboko sote, wa kwanza kuitumia kwa maana hiyo kitabuni, mwaka 1706, ni William Jones, mzaliwa wa kisiwa cha Anglesey, huku huku kaskazini. Kama mwalimu wa Baba alitokea kisiwa kile, basi zile fimbo zilikuwa za ukoo.

Mjomba naye amenitumia ujumbe: si nimuulizie kwa Tom Jones, yule mwimbaji? Mwambie yule ubini wake ni Woodward. Amezaliwa mwaka 1940 karibu na Pontypridd, na Jones ni upande wa mama. Halafu David Bowie, aliyezaliwa London mwaka 1947 akiwa Jones halali kabisa, alilikimbia jina kwa kuwa palikuwa na Davy Jones mwingine anavuma. Mmoja kaingia mlangoni, mwingine katokea dirishani, idadi iko pale pale. Idrisa naye amependekeza Mufasa, kwa sababu sauti ya simba yule kwenye filamu ya mwaka 1994 ni ya James Earl Jones. Nimemwambia huyo alizaliwa Mississippi na Tanga hakufundisha.

Kwa hiyo, Shangazi, msinitumie picha. Wazungu wa miaka ile wote wana kaptura na soksi ndefu. Kaa na wazee waliosoma na Baba uwaulize mambo ya maana: kwao Mista Jones waliuza nini? Nyumba yao iliitwaje? Ilikuwa upande gani wa mto? Na wanafunzi walimwita nani akigeuka ubaoni, kwa maana hakuna mwalimu aliyefundisha Tanga akaondoka bila jina la utani. Fanya haraka kidogo. Jumapili nimealikwa chai na akina Jones watatu, na wote umri wao unaruhusu.

Mwanao,
Hamisi