Kuusifu Ujumbe wa Mishale Miwili

Katika vyote vilivyopata kubisha hodi kwenye simu ya mwanadamu, sioni kinachostahili taadhima zaidi ya ule ujumbe wa WhatsApp unaokuja na mishale miwili kichwani na tangazo kwamba umesambazwa mara nyingi; kwani sultani huingia mjini kwa ngoma na siwa mara moja, nao huingia alfajiri kutoka kwa binamu aliyeko Maskati, adhuhuri kutoka kwa jirani, na baada ya isha kutoka kundi la ukoo la Tanga, bila kuchoka wala kubadili nukta.

Fadhila yake kubwa ni nasaba. Wanavyuoni waliokusanya hadithi za Mtume walijitia katika taabu isiyo kifani: Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizunguka nchi baada ya nchi akichunguza isnadi, yaani nani alipokea kwa nani, kama mpokezi huyo alikuwa mkweli, na kama wawili hao walipata kukutana. Ujumbe wetu umetusamehe mashaka hayo yote. Isnadi yake ni mishale miwili. Mpokezi wake wa kwanza ni “daktari mmoja bingwa”, wa pili ni “rafiki yangu aliyeko ndani”, na wa tatu ni shangazi yangu, ambaye uadilifu wake hauna shaka, na ambaye kwa hiyo siwezi kumkadhibisha mbele ya wajukuu zake. Maadamu hauna baba, haurithi aibu ya mtu. Maadamu hauna tarehe, hauzeeki: onyo la mwaka juzi juu ya maji ya chupa huwa ni la leo asubuhi, na mtoto aliyepotea, ambaye nadhani sasa ameoa, bado anatafutwa.

Ni tabibu pia, kwa kitunguu saumu na ndimu. Ni mlinzi wa usiku, maana halali mtu.

Wenye mtandao walijaribu kuupunguzia hadhi. Mwaka 2019 waliamuru usipelekwe zaidi ya mahali patano kwa mkupuo, na Aprili 2020, katika siku za korona, ule uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa mahali pamoja tu kwa kila safari. Shangazi akautuma kundi baada ya kundi, kwa subira ambayo vijana hawana. Kisha mwaka 2022 wenye mtandao hao hao wakaongeza ukubwa wa kundi, kutoka watu 256 hadi 1,024: mlango wameubana, sebule wameipanua.

Lakini jamani, maji! Bomba letu lilipokauka hivi karibuni, kundi lilituletea sababu tatu kabla ya chai: sumu mtoni, bomba kupasuka, na deni la umeme. Nikafungua ukurasa wa chombo kimoja cha habari, nikakuta “HABARI ZA HIVI PUNDE” kwa rangi nyekundu: ni sababu zile zile tatu, zimechotwa kutoka kundi kama letu, na chini yake swali, “Wewe una maoni gani?” Mimi nilikuwa na ndoo, sikuwa na maoni. Nikapiga simu ofisi inayohusika. Ikaita hata ikakatika.

Ofisi ile ina msemaji, na msemaji ana gari. Taarifa yake ilitoka maji yalipokwisha kurudi: picha ya karatasi yenye mhuri, imepigwa upande, ikituarifu kwamba maji yatakatika. Ilinifikia kwa mkono wa shangazi, ina mishale miwili, na kundi zima likaafikiana kuwa ni uzushi.

Basi usimkemee shangazi, msomaji. Yeye amegawa alichopewa, na mwenye habari ya kweli hakumpa kitu kwa wakati. Ombi langu ni kwa mwenye mhuri: asubuhi ile ile bomba linapopasuka, barua ikiwa bado haijapita mezani kwa wakubwa wote, atuandikie mambo matatu tu: limeharibika nini, wapi, na maji yatarudi saa ngapi.