Sifa za Mkorofi wa Kikoba

Mkorofi wa kikoba ni yule mwanachama anayechelewa kila mkutano, anayenong'ona hisa zikihesabiwa, na ambaye akiulizwa hujibu kwa kuuliza kwa nini aulizwe yeye. Vitabu vya mafunzo humtaja kwenye ukurasa wa faini tu, bila hata neno la ahsante. Ni dhuluma, kwa sababu hakuna anayekijenga kikundi kwa hali na mali kama yeye.

Mfumo wenyewe wa vikundi hivi vya kuweka na kukopa ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Maradi. Ulipofika Tanzania ulizaa, pamoja na mengine, VICOBA. Vifaa havikubadilika sana: sanduku la chuma lenye makufuli matatu, watunza funguo watatu, bakuli la faini, na katiba. Katiba hiyo ni kazi ya mkorofi. Hakuna kikundi kilichokataza kuja mkutanoni umelewa kabla mtu hajaja amelewa. Kifungu cha kutotuma mtoto alete hisa kina mwenyewe, na wanachama wote humjua.

Mchango wake mkubwa uko kwenye simu. Mhasibu yuko katikati ya noti za elfu mbili, watu kimya, mara taarabu inapasuka ndani ya mkoba. Mwenye mkoba anapekua: leso, dawa ya mtoto, vitenge viwili alivyokuja kuuza, simu iko chini kabisa. Akiipata haizimi. Anainama na kumweleza mpigaji, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba hawezi kuongea, yupo kikaoni. Mtunza nidhamu anasimama, anataja kifungu, na sarafu ya shilingi 500 inagonga bakuli. Hesabu inaanza upya, na ndipo zinapoonekana noti mbili zilizogandana. Benki huajiri wakaguzi kwa kazi hiyo. Kikoba hulipwa ili ifanyike.

Faini pia ni fedha isiyodai riba. Katika vikundi vingi huingia kwenye faida, na siku ya kuvunja mzunguko hugawanywa kwa hisa. Mwenye hisa nyingi asiyewahi kukosea huondoka na sehemu nono ya makosa ya mwenzake, na kwa kawaida ndiye anayelalamika zaidi juu yake.

Mtunza nidhamu naye hula kwa jasho hilo hilo, angalau kwa upande wa heshima. Aliye hodari hataji tabia ya mtu, hutaja kosa na bei yake, na siku akichelewa hujitoza mwenyewe kabla hajaketi. Hapo mkorofi hulipa huku akicheka. Mwenyekiti akianza kusamehewa, kicheko huisha, na bakuli haliponyi ugomvi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Mambo ya simu na kuchelewa yamebaki kwenye katiba za vikundi vyenyewe, mikononi mwa wataalamu.

Sifa hizi hazimhusu asiyerejesha mkopo. Huyo hufika mapema, simu kazima, kanuni anazijua kwa moyo, na hajawahi kulipa faini hata moja mpaka siku anapohamia mkoa mwingine.