Mgeni Njoo, Kizuizi Apone

WAHUSIKA
NOAH: gari la abiria lenye namba za Tanzania, mkazi wa Arusha, mzaliwa wa Japani
KISANDUKU: kifaa cha ETC, cha kulipia tozo bila kusimama, kilichosahauliwa chini ya dashibodi ya Noah tangu Japani
KIZUIZI: mkono wa kituo cha tozo cha Nairobi Expressway, Mlolongo
MAMA BARABARA: Barabara ya Mombasa, ile ya chini
LORI: lenye namba za Rwanda, limetoka bandarini Mombasa

(Mlolongo, saa nne asubuhi. Dereva wa Noah ameegesha pembeni, hatua chache kabla ya mlango, akashuka kutafuta wa kumbadilishia fedha.)

NOAH: Shikamoo, kaka.

KIZUIZI: Kadi ama tiketi?

NOAH: Nimekusalimu.

KIZUIZI: Nimesikia. Kwenye mfumo wangu salamu haina kitufe.

NOAH: Basi tuingie kwenye biashara. Kupita kiasi gani?

KIZUIZI: Inategemea utatokea wapi. Mwenye kulipa keshi, hapa anachukua tiketi tu. Kulipa ni kwenye kutoka, kwa umbali. Gari dogo ni kuanzia shilingi 170. Ukimaliza kilomita zote 27 mpaka Westlands, 500.

NOAH: Kumbe kuingia ni bure!

MAMA BARABARA: Hata panya kwenye mtego huingia bure, mwanangu.

KIZUIZI: Mama, tafadhali. Niko kazini.

NOAH: Mia tano ya huku haizidi sana noti yetu moja nyekundu ya elfu kumi. Hii hapa, chukua mapema nisije nikasumbua watu huko mbele.

KIZUIZI: Hiyo ni nini?

NOAH: Shilingi.

KIZUIZI: Ya nani?

NOAH: Ya Tanzania. Mpaka uko nyuma hapo, tumeuvuka leo leo. Na pale Namanga hawakutusumbua: tangu 2018 ni jengo moja, afisa wa Kenya na wa Tanzania wamekaa chini ya paa moja, unagongewa muhuri hapa na kule, umemaliza. Nikajua sasa sisi ni ndugu.

KIZUIZI: Undugu umeuacha Namanga. Hapa ni shilingi ya Kenya.

NOAH: Na dola? Dereva anazo kidogo, za dharura.

KIZUIZI: Dola sipokei.

NOAH: Sasa hapo ndipo unaponichanganya. Januari 2024 si ndipo walipokupandisha kutoka 360 hadi 500, wakasema shilingi ya Kenya imeporomoka mbele ya dola?

KIZUIZI: Ndivyo. Fedha za ujenzi zinahesabiwa kwa dola.

NOAH: Nami nakupa dola.

KIZUIZI: Boss, dola tunaiogopa, hatuipokei.

NOAH: Haya, kadi. Hii ya njano.

KIZUIZI: Hiyo ni bima ya COMESA. Ukigonga mtu itakusaidia. Ukinigonga mimi pia itakusaidia. Kupita, haikusaidii.

NOAH: Na hii N-Card? Kwetu inalipia kivuko, inaingiza watu uwanjani.

KIZUIZI: Hapa si kivuko, na mechi hakuna.

NOAH: Basi nimekupata. M-Pesa! Msiniambie hata M-Pesa hamuijui, mnajisifu dunia nzima kwamba ilizaliwa kwenu.

KIZUIZI: M-Pesa ya Safaricom?

NOAH: Ya Vodacom.

KIZUIZI: Hiyo ni binamu.

NOAH: Lakini zinaongea! Tangu 2015 mtu wa Vodacom Tanzania anamtumia mtu wa Safaricom pesa moja kwa moja.

KIZUIZI: Anamtumia mtu. Mimi si mtu.

(Kimya. Chini ya dashibodi panasikika sauti ya kike, laini, yenye adabu nyingi.)

KISANDUKU: Samahani sana kwa usumbufu. Kadi ya ETC haijaingizwa.

KIZUIZI: Nani huyo?

NOAH: Msamehe. Tulikuja naye kwenye meli. Kila nikiwashwa anasema hivyo kwa Kijapani. Dereva wangu anadhani anatakiwa safari njema, naye humjibu, “Asante, dada.”

KISANDUKU: Samahani tena. Pale juu ya njia ya kulia pameandikwa E, T, C. Hizo ni herufi zangu. Je, tumefika nyumbani?

KIZUIZI: Hapana. Njia ile ni ya walionunua kifaa chetu, kikasajiliwa kwa namba ya gari, kikatiwa pesa.

KISANDUKU: Lakini mimi ndiye kifaa. Japani tulianza kutumika nchi nzima mwaka 2001. Tulikuwa tunakaribia mlango kwa kilomita 20 kwa saa, hatusimami, hatusemi, mkono unanyanyuka wenyewe. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni wa nani.

KIZUIZI: Una akaunti hapa?

KISANDUKU: Nina uzoefu.

KIZUIZI: Uzoefu haujazwi salio.

LORI: (likicheka kutoka pembeni) Msiwe na haraka ya kulia, wadogo zangu. Mimi sura hizi nimezizoea. Nchi haikuulizi kama una pesa. Inakuuliza kama inakujua.

NOAH: Shikamoo, mzee.

LORI: Marahaba. Wewe unanung'unikia mia tano? Mimi naomba nisikusimulie. Lori lenye ekseli zaidi ya tatu, kanuni ya COMESA ni dola 10 kila kilomita 100. Nikiwa na mzigo wa bandari ya Dar, kwa miaka mingi nchi yenu ilinitoza 16.

NOAH: Kumi na sita? Kwa nini?

LORI: Mlijitoa COMESA, lile soko la pamoja, mwaka 2000. Mkabaki na ile kadi ya njano, kanuni ya dola kumi mkaiacha mlangoni.

NOAH: Hayo ni ya malori. Sisi magari madogo kwetu barabara ni bure. Kutoka Arusha hadi Dar hakuna mkono wowote utakaokushukia kichwani.

LORI: Muulize Probox wa Kitengela alivyolipa alipovuka kuja kwenu. Kibali cha gari la kigeni pamoja na tozo ya mafuta, dola 25 kwa mwezi. Na hizo dola mlizipokea, tena kwa tabasamu.

NOAH: Yule ni mgeni.

LORI: Na wewe hapa ni nani?

(Noah anazima taa.)

LORI: Na daraja la Nyerere pale Kigamboni? Hata bodaboda inalipa.

NOAH: Lile ni daraja, si barabara.

MAMA BARABARA: Hebu mwacheni mtoto. Mwanangu, ile leseni ya gari ya kila mwaka bado mnalipa?

NOAH: Ilifutwa 2017, mama. Tulipiga honi mji mzima.

MAMA BARABARA: Ikaenda wapi?

NOAH: Ikaenda… kwenye mafuta. Shilingi 40 kwa kila lita.

MAMA BARABARA: Mafuta gani?

NOAH: Petroli, dizeli. Na ya taa.

MAMA BARABARA: Ya taa! Kwa hivyo kibatari cha bibi wa Longido, kisicho na hata tairi moja, kinalipia leseni yako. Na wewe waja hapa kusema barabara kwenu ni bure.

KIZUIZI: Asante, Mama. Mimi nasema kila siku: barabara ya bure ni ile ambayo bado hujaonyeshwa bili. Angalau mimi nimesimama wazi, nimepakwa rangi nyekundu na nyeupe, bei imeandikwa.

MAMA BARABARA: We nyamaza, sijafika kwako. Mwanangu Noah, umejaza mafuta wapi?

NOAH: Athi River. Lita 30.

MAMA BARABARA: Basi ushanilipa. Tangu Julai 2024 kila lita inauzwa na shilingi 25 za matengenezo ya barabara ndani yake; kabla ya hapo zilikuwa 18. Piga hesabu.

NOAH: Mia saba na hamsini!

MAMA BARABARA: Umenilipa zaidi ya anavyotaka huyu, na shukrani hukuniambia, wala mie sikukupa risiti.

NOAH: Kwa hiyo nikipita chini nimelipa, na nikipita juu nalipa tena?

MAMA BARABARA: Wa juu hulipa mara mbili, akafika mapema, akasema amenunua wakati. Wa chini hulipa mara moja, akakaa kwenye jam ya Bellevue, akasema amepita bure. Wote wawili nawapenda, wote wawili hawajui hesabu.

NOAH: Kwa nini msitoze wazi wote, ijulikane?

MAMA BARABARA: Tulishajaribu. Sheria ya 1984 iliniwekea vibanda na vijana wa kukata tiketi. Hata leo kule Ruiru, upande wa Thika, kuna kituo cha matatu kinaitwa Toll, na watoto wanaoshukia pale hawajui tozo ilikuwa ipi. Fedha za kibandani zilikuwa na miguu: nyingine zilifika wizarani, nyingine zilipotea njia. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kutoza kwenye mafuta. Vibanda vikafa. Mie nikadhani nimepumzika. Miaka ishirini na tisa baadaye wakaniletea huyu, wakamchomekea nguzo zake katikati ya kifua changu.

KIZUIZI: Kwa makubaliano rasmi, Mama. Waliojenga wanakusanya kwa miaka 27, halafu barabara inarudi kwa serikali. Siku moja hata mimi nitapumzika.

KISANDUKU: Samahani sana kwa usumbufu.

NOAH: Kadi tumeelewa, dada.

KISANDUKU: Si kadi. Ni juu ya kupumzika. Kwetu pia tuliahidiwa. Sheria ya 1956 ilisema barabara za tozo zitakuwa bure deni la ujenzi likiisha. Makampuni ya kuendesha barabara hizo yalipoundwa mwaka 2005, tukaambiwa itakuwa 2050. Mwaka 2014 wakasogeza hadi 2065, kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2023 bunge likasogeza tena.

KIZUIZI: Hadi lini?

KISANDUKU: 2115.

NOAH: 2115! Wakati huo mimi nitakuwa nimeyeyushwa zamani, nimekuwa nondo.

LORI: Nondo za kujengea kituo kingine cha tozo.

KIZUIZI: (kwa sauti ya chini) Miaka 27 niliandikiwa mimi.

LORI: Na uendelee kuamini. Imani ni nzuri kwa mtu anayekaa amesimama kutwa.

NOAH: Mzee, nielekeze basi. Nikifika nchi ya watu tena, nianzie wapi?

LORI: Anza na swali kabla ya safari: hapa hulipwa vipi? Kuna nchi unalipa langoni, kuna nchi unalipa ukitoka. Nyingine unanunua stika kabla ya kuingia. Uswisi ni faranga 40, ya mwaka mzima, hata kama unapita mchana mmoja tu kwenda harusini. Kuna nyingine hazina mkono wala kibanda, ni kamera tu, na usipolipa ndani ya muda barua hukufuata mpaka kwenu. Hizo ndizo mbaya zaidi, maana utapita unaimba. Pili, fedha ya wenyeji badilisha kwenye duka lenye leseni, palepale mpakani. Usingoje anayekugongea dirisha.

NOAH: Dereva wangu ndiye huyo yuko na anayegonga dirisha.

LORI: Basi amelipa tozo ya tatu. Na tatu, gari likiwa la kukodi, uliza ni nani anayelipa: wewe au mwenye gari. Asipokuambia, ni wewe, na ada ya karatasi juu yake.

NOAH: Lakini mzee, nchi zetu za Jumuiya ya Afrika Mashariki si zilisema zitakuwa na sarafu moja? Ningekuja na noti moja Arusha, Nairobi, Kigali.

LORI: Walitia saini Kampala, Novemba 2013. Sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka 2024 ukapita hapa mbele yangu, haukupiga hata honi. Sasa wanasema 2031.

KISANDUKU: Huanza hivyo.

(Dereva anarudi mbio, ameshika noti ya elfu moja ya Kenya na uso wa mtu aliyeibiwa kwa adabu. Anawasha gari.)

NOAH: Haya, kaka. Tumepata. Fungua tuchukue tiketi.

KIZUIZI: Usiipoteze. Na wa Japani mwambie anyamaze, anachanganya vihisi vyangu.

MAMA BARABARA: Nenda salama, mwanangu. Ukiwa huko juu, usinitazame kwa dharau. Nimekubeba wewe pamoja na hiyo barabara yako.

NOAH: Asante, mama. Kaka Kizuizi, swali la mwisho, sina ugomvi. Siku sarafu moja ikija kweli, na Jumuiya nzima ikafika hapa na gari lake, na bendera, na wimbo, utaifungulia njia ipi?

KIZUIZI: Ina kifaa chetu?

NOAH: Sidhani.

KIZUIZI: Basi ipange foleni ya keshi kama watu wengine. Na ije na chenji.