Kichupa cha Kuku Mia

Palikuwa na ploti tatu katika mtaa wa Langas, mjini Eldoret, zilizopakana kwa ua wa kayaba wenye miiba isiyopitisha hata mbuzi. Ploti ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu, aliyefuga kuku kwa kuwapenda tu, akiketi nao kibarazani kila jioni. Ya pili ilikuwa ya mama muuza mboga, ambaye karo ya watoto wake ilitoka kwenye trei za mayai. Ya tatu ilikuwa ya fundi wa magari, na mwanawe wa kiume alipenda njiwa na bata kuliko mpira. Watu hawa walitoka katika jamii tatu mbalimbali. Asubuhi walisalimiana kwa Kiswahili. Jioni kila mmoja alifunga geti lake na kurudi kwenye lugha yake. Kuku wao waliyaona hayo, nao wakajifunza.

Kwa mwalimu alitawala Mzee Kuchi, jogoo mrefu ambaye wazee wake walitoka pwani. Aliwika kabla ya jogoo wote, na kwa kuwa jua lilichomoza kila baada ya yeye kuwika, alitangaza kwamba jua la Uasin Gishu linangoja ruhusa yake. Mitetea wake waliitikia, "Ndivyo, Mzee." Mmoja tu hakuitikia. Huyo alikuwa Kishingo, mtetea asiye na manyoya shingoni. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake hukaza hata kucha. Wenzake hawakumtaka katikati ya kichanja, kwa hiyo alilala pembeni kabisa, karibu na ua, na usingizi wake ulikuwa mwepesi. Ndiyo maana alisikia mengi.

Ng'ambo ya ua, kwa mama mboga, mwenye kauli alikuwa Mama Kishungi, mlezi hodari. Alipoatamia hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa binti wa nyumba ile, mwanachama wa klabu ya 4K shuleni kwao. Usiku wa saba binti alikuwa akichukua yai moja moja, akalizungushia kiganja na kulimulika kwa tochi ya simu. Mle ndani mishipa myekundu ilionekana ikitandazika kutoka kwenye doa moja jeusi, na doa lenyewe likipiga. Yai lisilo na mishipa lilitolewa. Mengine yalirudishwa chini ya mama yao hadi siku ya 21, vifaranga wakatotoka, wakawekwa jikoni ndani ya boksi karibu na jiko, chenga na maji safi mbele yao.

Kwa fundi alitamba Bwana Bata. Yeye hakujua mpaka. Chini ya ua ulipita mfereji, na kila asubuhi aliufuata huo mfereji, akanywa maji ya ploti zote tatu, akajisifu kuwa ndiye ndege pekee mwenye marafiki kila mahali.

Agosti 2024 Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji, Mzee Kuchi alipanda juu ya tangi la maji akahutubia. "Kuanzia leo sisi ni kuku wa jiji. Magonjwa ni mambo ya kuku wa kijijini." Wakampigia mabawa.

Ikafika Novemba. Mahindi yalikuwa yanavunwa, vumbi limejaa barabarani, na wachuuzi wa kuku walianza kuzunguka mitaani na matenga yao kwenye pikipiki, maana Krismasi ilikuwa inakaribia. Kijana wa fundi alinunua jogoo mmoja kwa bei ya kutupa. Hakumtenga hata siku moja. Alimtia bandani pamoja na wenzake jioni ileile. Asubuhi jogoo yule alisimama peke yake, mabawa yameshuka, mdomo wazi akitafuta pumzi, kinyesi chake cha kijani. Kishingo alimwona kupitia matundu ya ua. Akaenda mbio kwa mkubwa wake.

"Mzee, kideri kimeingia kwa jirani."

"Kwa jirani nani?"

"Kwa fundi."

"Basi hicho ni kideri cha kwa fundi," Mzee Kuchi akajibu. "Kina ua wake."

"Mzee, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji."

"Mimi sina nywele," akasema Mzee Kuchi, na mitetea wakacheka sana. Kisha akatoa amri kwamba yeyote atakayelitaja neno kideri ndani ya ploti ya mwalimu atalala nje.

Kishingo akaenda kwenye ua upande wa pili na kumwita Mama Kishungi. Mama Kishungi alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa si mjinga, na usiku uliopita alikuwa ameona mtetea wake mmoja akikohoa. Akashusha sauti. "Mwanangu, nyamaza. Krismasi hiyo hapo, na bei ni nzuri. Ukilitamka jina hilo, nani atanunua? Hawa wanaokohoa wataondoka kesho na mchuuzi, na shida itaondoka nao."

Waliondoka kweli. Tenga lilifungwa kwa kamba, pikipiki ikashika njia, na ugonjwa ukapelekwa katika mitaa ambayo Mama Kishungi hakuwahi kuisikia, kwa kuku ambao hawakumkosea lolote.

Bwana Bata naye alikuja na ushahidi wake. "Mimi nimekunywa maji chombo kimoja na huyo mnayemwita mgonjwa. Nitazameni! Ninaumwa?" Hakuwa anaumwa. Bata aweza kubeba virusi vya kideri bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili kubwa, akavimwaga kwa kinyesi kila anapopita. Uzima wake ndio uliowapumbaza wengi, na kila asubuhi alivuka mfereji na kuwaachia wenzake ugonjwa waliokuwa hawajaupata. Mbwa wa mlinzi alipopata mzoga uliotupwa nyuma ya choo, aliuvuta hadi kwa mwalimu na kuulia pale, akisema anasafisha mtaa.

Siku ya sita kuku wa mwalimu walianza kuanguka. Hapo mabaraza yakageuka ya lawama. Wa mwalimu walisema, "Huu ni ugonjwa wa wale wa fundi, damu yao ndivyo ilivyo." Wa fundi walisema umetoka kwa mama mboga, anayenunua na kuuza kila siku. Wa mama mboga walisema mtu wa pwani ndiye aliyekuja nao, na kila mtu alijua wanamsema nani. Hakuna aliyekumbuka kufunika maji. Hakuna aliyekataza mizoga kutupwa.

Lakini kideri hakina kabila. Mwaka 1926 kilizuka katika pande mbili za dunia zisizokutana, kisiwani Java na mjini Newcastle upon Tyne, Uingereza, na jina la mji huo ndilo madaktari wa mifugo wanalokiita hadi leo. Kikiingia kwenye banda lisilochanjwa chaweza kuwamaliza karibu wote. Hakichagui shungi wala rangi ya miguu, na hakijui geti limefungwa kwa kufuli au kwa waya.

Ikawa asubuhi Mzee Kuchi hakuwika. Jua likachomoza hata hivyo. Walipomwendea walimkuta amesimama kwa shida, shingo imejipinda nyuma, macho yanatazama mbinguni. Hiyo ni dalili ya kideri kilichofika kwenye mishipa ya fahamu. Mitetea wake wakanong'ona, "Mzee anaona mbali." Wakapanga mstari, wakapinda shingo zao nao, watazame anachokitazama. Jioni alianguka, na wengi waliokuwa wakimwiga hawakuhitaji tena kuigiza. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa mwalimu walibaki watatu, Kishingo akiwa mmoja wao. Kwa mama mboga walibaki vifaranga tisa wa kwenye boksi la jikoni, kwa kuwa binti aliosha mikono na kubadili ndara kabla ya kuwagusa, kama alivyofundishwa. Kwa fundi alibaki Bwana Bata, na njiwa wachache. Mama mboga alikaa kizingitini na daftari la karo mapajani, na mwalimu akakaa kibarazani peke yake bila kujua afanye nini na jioni yake.

Wiki hizo kukawa kimya, na katika kimya hicho Kishingo akawaita waliobaki waje kwenye ua, kila mmoja upande wake. Hakuwahukumu. Akawaambia alichokisikia mwaka mzima kutoka mahali pake pa baridi.

"Mwezi wa tatu mwalimu alikwenda agroveti kuulizia chanjo. Akaambiwa kichupa kimoja ni cha kuku mia, na kikishachanganywa hakiwekwi akiba. Akarudi akisema, 'Nina kuku kumi na wanane. Hao wengine nitawatoa wapi?' Mwezi wa sita mama mboga akaenda. Akarudi akisema, 'Nina ishirini na wanne. Hao wengine nitawatoa wapi?' Mwezi wa nane fundi akaenda, naye akarudi na maneno yaleyale. Watatu walisimama mbele ya kabati moja, wakakitazama kichupa kimoja, na kila mmoja akakiacha kwa sababu alihesabu wa kwake tu. Ndugu zangu, sisi hatukuuawa na jogoo wa sokoni peke yake. Tumeuawa na hesabu."

Bwana Bata, aliyezoea kujibu kila neno, safari hii hakujibu.

Binti hakusikia maneno ya kuku, lakini hesabu aliijua. Alichukua daftari, akaanza kupita geti kwa geti. Klabu yake hubeba maneno matatu, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na yeye alianza na lile la kwanza. "Shikamoo, mwalimu. Una kuku wangapi?" "Watatu, mwanangu, nao wanatia huruma." Akaandika watatu. Akaenda kwa fundi, ambaye tayari alikuwa ameagiza mitetea sita kutoka kwao. Akaenda ploti ya nne, ya tano, akavuka barabara. Wengine walimwuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani, ndipo wakahesabu. Alipofika mwisho wa mtaa daftari lilikuwa na kuku 97, na gharama ilipogawanywa kila nyumba ilitoa pesa kidogo kuliko bei ya mayai machache.

Chanjo waliyonunua ilikuwa ile ya I-2, iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya wafugaji kama hawa, kwa kuwa inavumilia joto kuliko nyingi na haimdai mtu friji safari nzima. Walichagua siku moja kwa wote. Alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa, mwalimu alimshika kila kuku kwapani, akamlaza upande, akanyoosha kichwa chake kwa vidole viwili. Binti alidondosha tone moja jichoni na kungoja. Kuku akapepesa, tone likazama, akaachiwa. Aliyefumba jicho alidondoshewa tena. Kazi ilihama ploti hadi ploti, na watu ambao miaka yote hawakuwahi kuvuka geti la mwenzao wakajikuta wamebeba kuku wa mwenzao. Tarehe ya kurudia, miezi mitatu baadaye, iliandikwa kwenye kila kalenda ya mtaa, kwa sababu vifaranga watakaototolewa kati ya hapo watakuwa hawajalindwa.

Wakakubaliana na mengine. Kuku mgeni atatengwa wiki mbili. Mzoga utafukiwa chini sana au kuchomwa. Mgonjwa hatauzwa, hata kama Krismasi ni kesho. Na mwenye kuona dalili ataita majirani kabla ya kuita mchuuzi, wala hakuna atakayemcheka.

Enyi mnaofuga kuku nyuma ya nyumba, Langas na Huruma, Kapsoya na Munyaka, hekaya hii ni ya kuku na si ya kuku. Eldoret iliona mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, majirani walivyogeukiana, na hakuna ua wa kayaba uliomkinga mtu. Kila nyumba ilikuwa imehesabu wa kwake tu. Yanayotuua mara nyingi huwa na dawa, na dawa hiyo imekaa kabatini, inangoja watu wa kutosha kuinunua pamoja. Mkubwa anayekataza jina la ugonjwa lisitajwe anaulisha. Anayeuza mgonjwa kimyakimya amemwuza mtoto wa mwenzake. Na yule wa pembeni, asiyetakiwa katikati ya kichanja, asikilizwe, maana baridi imemfanya akae macho.

Kwa hiyo usingoje jogoo wako apinde shingo. Chukua daftari leo, hesabu wa kwako, kisha vuka geti ukahesabu wa jirani, hadi mfike mia.